Baiti moja pungufu: jinsi betri 24 zilivyotoweka baada ya kubadilisha kerneli

Usuli

Kisa hiki ni cha nusu ya pili ya mwaka 2018, hapa Dar es Salaam. Majina ya watu, ya kituo na ya kampuni iliyotengeneza mashine nimeyaondoa, pamoja na nambari kamili ya kerneli iliyohusika (kerneli ni sehemu ya ndani ya mfumo wa Linux inayoongoza vifaa vya mashine). Mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa, hata yale yanayotuonyesha tukikosea.

Kituo kilikuwa kinafundisha uhasibu na matumizi ya kompyuta. Kilikuwa na laptopu 24 za mtumba, zote za aina moja, zilizonunuliwa Kariakoo kwa mkupuo. Mimi na wenzangu wawili ndio tuliokuwa tunazihudumia. Tulikuwa tumeziwekea mfumo wa Linux uitwao Ubuntu 18.04, uliotoka Aprili mwaka huo ukiwa na kerneli 4.15, na zilikuwa zinakwenda vizuri kabisa. Kilichotufanya tuiguse kerneli ni vipokezi vipya vya Wi-Fi ambavyo kituo kilinunua. Kerneli 4.15 haikuvitambua, kerneli mpya zaidi ilivitambua. Tuliijaribu kwenye laptopu moja, Wi-Fi ikashika, tukaisambaza kwa zote Jumamosi moja alasiri.

Betri ya laptopu hizi haikuwa anasa. Umeme ukikatika darasani, wanafunzi wanaendelea na kazi kwa betri; ikibaki kidogo, mashine inatoa onyo, na ikifika asilimia chache inajizima yenyewe kwa utaratibu baada ya kufunga mafaili. Mpango mzima wa masomo ulitegemea hilo.

Kwa asiyezoea mambo haya, nieleze kinachofanyika ndani. Kerneli haijui kwa kuzaliwa kwamba laptopu fulani ina betri, wala betri hiyo inasomwa kwa njia gani. Kila kiwanda kina wiring yake. Tangu Desemba 1996 kuna kanuni inayoitwa ACPI, iliyotolewa kwanza na Intel, Microsoft na Toshiba, na tangu 2013 inatunzwa na UEFI Forum. Kwa kanuni hii BIOS, programu ya kiwanda inayoiwasha mashine, haileti orodha tu ya vifaa. Inaleta programu ndogondogo zilizoandikwa kwa lugha ya baiti iitwayo AML na kuhifadhiwa kwenye majedwali. Jedwali kubwa ni DSDT, na yapo mengine ya nyongeza yaitwayo SSDT. Ndani ya kerneli kuna mkalimani anayesoma baiti hizo na kuzitekeleza. Ukitaka kujua betri ina chaji kiasi gani, mkalimani anaiendesha kazi ndogo iitwayo `_BST`, nayo inarudisha namba nne: hali ya betri, kasi ya kuchaji au kutumia, chaji iliyobaki, na volti. Kabla laptopu haijalala, ataendesha `_PTS`, ikiamka, `_WAK`.

Mkalimani huyo kwenye Linux ni ACPICA, mradi wenye makao yake Intel ambao FreeBSD na mifumo mingine pia inautumia. Kwa hiyo akiteleza kwenye baiti moja, mtelezo huo hauishii kwenye kifaa kimoja. Anaweza kupoteza nusu ya mashine.

Yaliyotokea

Jumatatu hakuna aliyeona kitu. Jumanne, kama saa nne asubuhi, umeme ulikatika katikati ya jaribio la hesabu. Kwa dakika arobaini hivi darasa liliendelea kimya kimya. Kisha laptopu ya mstari wa mbele ikazima ghafla, kioo kikawa cheusi, bila onyo. Ikafuata ya pili, ya tano, ya tisa. Mwalimu alinipigia simu huku nikisikia nyuma yake wanafunzi wanalalamika. "Kaka, mashine zinakufa kama mishumaa. Watoto wamepoteza kazi." Wanafunzi kumi na mmoja walipoteza majibu yao siku ile. Mmoja wao, dada aliyekuwa amekaribia kumaliza, alirudia jaribio zima wiki iliyofuata. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Nilipofika nilikuta alama ya betri haipo kwenye kioo cha laptopu hata moja. Nikafungua `/sys/class/power_supply`. Palikuwa na `AC` peke yake. `BAT0`, ambayo ilikuwepo wiki iliyopita, haikuwepo. Mfumo ulijua kama chaja imechomekwa au la, lakini haukujua kuwa kuna betri. Usingeweza kuonya kuhusu kitu usichojua kama kipo.

Dalili ya pili ilikuja jioni. Mkufunzi mmoja alifunga kifuniko cha laptopu yake kama kawaida, akaiweka begini na kupanda daladala kwenda Tegeta. Alipofika nyumbani, begi lilikuwa la moto na feni ilikuwa inalia. Kufunga kifuniko hakukuilaza mashine tena.

Siku tatu tulizopoteza

Hatua yetu ya kwanza ilikuwa mbaya. Tuliamini betri zimechoka. Mashine ni za mtumba, betri ni za zamani, umeme umekatika, zimezima: hadithi ilijipanga yenyewe. Tulinunua betri sita Kariakoo kwa fedha za kituo. Tukazifunga, na `BAT0` haikuonekana. Tungefikiri kwa dakika tano zaidi, tungejua kwamba betri 24 haziwezi kutoweka pamoja baada ya Jumamosi moja ya kubadilisha kerneli, na kifuniko nacho kikaacha kufanya kazi kwa sababu ya uchovu wa betri.

Hatua ya pili ilikuwa mbaya zaidi. `dmesg`, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, ilikuwa imejaa mistari ya makosa ya ACPI. Mwenzetu kijana alisoma mahali kwamba ukiweka `acpi=off` wakati wa kuwasha, makosa huisha. Ni kweli yaliisha. Pamoja nayo, laptopu ilibaki na kiini kimoja cha prosesa badala ya vinne, kwa sababu orodha ya viini nayo hutoka kwenye majedwali ya ACPI, na ukiizima haikati umeme hadi ubonyeze kitufe kwa nguvu. Mashine nne zilikaa hivyo siku nzima kabla sijagundua. Sikumlaumu kijana, mimi ndiye niliyekuwa sijaweka kanuni kwamba chaguo la kuwasha haliguswi bila kuandikwa kwenye daftari.

Ijumaa ndipo tulipofanya jambo ambalo lingefanywa Jumanne saa tano: kuwasha laptopu moja kwa kerneli ya zamani. Ubuntu huwa inaiacha kerneli iliyotangulia kwenye orodha ya GRUB, programu inayochagua kerneli wakati wa kuwasha. Tuliichagua 4.15, mashine ikawaka, `BAT0` ikarudi, kifuniko kikalaza. Betri ileile, BIOS ileile, kerneli tofauti.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzirudisha mashine zote kwenye 4.15 siku ileile na kuacha Wi-Fi mpya isubiri. Mkurugenzi hakufurahi, maana vipokezi vilikuwa vimeshalipiwa. Nilimwambia: "Mama, mwanafunzi asiye na intaneti atasoma kwa waya. Mwanafunzi aliyepoteza kazi yake hana cha kusoma." Alikubali, akatupa wiki mbili.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi: je, tunakwepa au tunatafuta chanzo? Njia ya kukwepa ilikuwepo. Unaweza kutoa DSDT ya laptopu, kuirekebisha kwa mkono, na kumpa mkalimani jedwali lako badala ya lile la BIOS, kupitia initrd, faili linalopakiwa pamoja na kerneli mashine ikiwaka. Nilikataa kwa sababu mbili. Laptopu zetu zilikuwa na matoleo matatu tofauti ya BIOS, hivyo tungekuwa na majedwali matatu ya kutunza milele. Na jedwali lililobandikwa kwa mkono linaficha kosa: kerneli ikibadilika tena, hujui kama kinachovunjika ni chake au ni chako.

Tukachagua `git bisect`, zana inayotafuta badiliko lililoleta kosa ndani ya historia ya msimbo. Kwanza tulipunguza eneo kwa kujaribu kerneli zilizojengwa tayari ambazo Ubuntu huzitoa bila viraka vyake (marekebisho yake ya msimbo), hadi tukabaki na matoleo mawili yanayofuatana: la kwanza zima, la pili bovu. Kati ya matoleo mawili ya kerneli siku zile kulikuwa na mabadiliko zaidi ya 13,000. Ukigawa nusu kwa nusu, hatua 14 zinatosha. Unajenga kerneli ya katikati, unaiwasha, unasema nzuri au mbovu, unagawa tena.

Kwa mazingira yetu kazi ilikuwa hivi. Kupakua historia ya kerneli ni zaidi ya gigabaiti moja, na bando letu lilikatika katikati, tukaanza upya usiku ambapo mtandao una kasi. Kujenga kerneli kamili kungechukua saa kadhaa kila hatua. Tukatumia `make localmodconfig`, inayoacha moduli zote ambazo mashine husika haizitumii, na ujenzi ukashuka hadi kama dakika arobaini kwenye kompyuta ya mezani. Umeme ulikatika mara mbili katikati ya ujenzi. Haikutuumiza sana, kwa kuwa `git bisect log` ilikuwa inahifadhiwa kwenye faili baada ya kila hatua.

Hatua ya 14 ilitupa jibu: badiliko la dereva wa kadi ya sauti. Haikuwezekana. Tulikaa tukitazamana. Kisha nikamuuliza kijana, "Kwenye hatua ya sita, uliangalia `uname -r`?" Amri hiyo hutaja kerneli inayotumika. Akanyamaza kidogo. "Hapana, kaka. Niliona betri ipo, nikaandika nzuri." Laptopu ilikuwa imewaka kwa 4.15 kwa sababu GRUB ilikuwa imekumbuka chaguo la awali. Tulikuwa tumeipima kerneli ya zamani na kuipa hukumu ya mpya. Tuliirekebisha faili ya kumbukumbu kwa kufuta kila kitu kuanzia mstari ule, tukairudisha kwa `git bisect replay`, na kuanzia hapo kila hatua iliandikwa daftarini ikiwa na jibu la `uname -r` kando yake.

Safari hii jibu lilikuwa na maana. Lilikuwa ndani ya `drivers/acpi/acpica`, kwenye kitanzi kikuu cha kusoma AML. Badiliko lilimwambia mkalimani hivi: ukikutana na kosa unapopakia jedwali, usiache kila kitu, ruka mwili wa kitu kilichoshindikana, kisha endelea.

Ndani ya jedwali

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wazo la badiliko lile lilikuwa zuri, tena la kuhurumia watu. BIOS nyingi zina makosa. Viwanda huzipima kwenye Windows, na zikiwaka pale wanafunga boksi. Mkalimani wa Linux alikuwa na historia ya kuwa mkali kuliko hapo. Mfululizo wa mabadiliko ulioanza na kerneli 4.17 ulilenga kumfanya avumilie. Lakini kuvumilia kosa kuna sehemu mbili, kulisamehe na kujua pa kuanzia tena, na hii ya pili ndiyo ngumu.

Tulitoa majedwali kwa `acpidump`, tukayagawa kwa `acpixtract`, tukaigeuza DSDT isomeke kwa `iasl -d`. Kisha tukaipakia ileile kwenye `acpiexec`, programu inayokuja na ACPICA yenyewe, ambayo ni mkalimani yuleyule anayefanya kazi nje ya kerneli. Huhitaji kuwasha mashine tena. Ningejua mapema kwamba ipo, ningejiokolea siku mbili. Tulichapisha orodha ya majina ambayo mkalimani wa zamani aliyasajili, na ya yule mpya, tukaziweka sambamba. Orodha mpya ilikuwa na pengo. Majina yalikwenda vizuri, kisha yakakatika, kisha yakaendelea mbali sana huko mbele. Ndani ya pengo ndimo ilimokuwa betri, yenye kitambulisho PNP0C0A, na kifuniko, PNP0C0D. Kifaa cha chaja kilikuwa kabla ya pengo, ndiyo maana `AC` ilisalimika.

Mwanzoni mwa pengo kulikuwa na sharti la `If` lililo nje ya kazi yoyote, na ndani yake kifaa kinachotangazwa chini ya tawi la PCI (njia ya kuunganisha kadi ndani ya mashine) ambalo laptopu hii haina. Bila shaka kipande hicho kilinakiliwa kutoka BIOS ya ndugu yake mwenye nafasi moja zaidi ya kadi. Tawi halipo, kwa hiyo mkalimani anapata AE_NOT_FOUND, yaani kosa la kitu kutopatikana. Kwenye kerneli ya zamani, vipande vya `If` vya namna hii vilikusanywa na kutekelezwa baadaye, jedwali likiwa limeshapakiwa. Kikishindwa, kinashindwa peke yake. Kwenye mpya vilitekelezwa papo hapo wakati wa kupakia. Kosa lilelile lililokuwa kimya kwa miaka likatokea katikati ya njia.

Baiti za mwanzo za kifaa kile, zikiandikwa kwa hesabu ya kumi na sita ambamo A hadi F ni 10 hadi 15, zilikuwa hizi:

`5B 82 4B 04`

Amri nyingi za AML ni za baiti moja. `Scope` ni 10, `Method` ni 14, `If` ni A0. Lakini baadhi ni za baiti mbili, na hizo huanza na 5B. `Device` ni 5B 82. Baada ya amri hufuata urefu wa mwili. Kila baiti ina biti nane, yaani nafasi za 0 au 1. Baiti ya kwanza ya urefu inabeba habari mbili: biti zake mbili za juu zinasema ni baiti ngapi zaidi zinafuata, na ikiwa zinafuata, biti nne za chini ndizo tarakimu ya mwanzo ya urefu.

Ukisoma sawasawa, unaruka 5B 82 na kuanza na 4B. Biti zake za juu zinasema baiti moja inafuata, nayo ni 04. Tarakimu ya chini ni B. Urefu ni 4B kwa hesabu ya kumi na sita, yaani baiti 75. Unaruka 75 na kuendelea na kazi.

Mkalimani mpya aliruka baiti moja tu ya amri, kana kwamba kila amri ina baiti moja. Akaanza kusoma urefu kwenye 82. Biti za juu za 82 zinasema baiti mbili zinafuata, nazo ni 4B na 04. Kijana alichukua daftari la mistari akapiga hesabu kwa kalamu: 2, kujumlisha 4B mara 16, ambayo ni 1,200, kujumlisha 04 mara 4,096, ambayo ni 16,384. Jumla 17,586. Akaitazama tena orodha iliyokuwa na pengo, akahesabu umbali kutoka mwanzo wake hadi pale majina yalipoanza tena. Halafu akaweka kalamu chini, akasema taratibu, "Kaka, ameruka elfu kumi na saba badala ya sabini na tano."

Na alipotua, alitua katikati ya kitu kingine. Akaanza kusoma nusu ya jina kama amri, akalalamika kwa sauti kubwa hadi alipofika mahali panapoeleweka. Yale makosa mengi ya `dmesg` yaliyotutisha siku ya kwanza yalikuwa ya huko alikotua. Kosa halisi, lile la tawi lisilokuwepo, lilikuwa mstari mmoja tu juu yao, wa unyenyekevu kabisa, na mstari huohuo ulikuwepo pia kwenye 4.15.

Matokeo

Hatukuwa wa kwanza kuliona. Tulipotafuta kwa jina la kazi yenye kasoro, `acpi_ps_parse_loop`, tulikuta watunzaji wa ACPICA wameshaandika kiraka. Ni kifupi sana. Kabla ya kuruka, mkalimani anaangalia kama amri ni ya kundi linaloanza na 5B. Ikiwa ndivyo, urefu wa amri ni 2, la sivyo ni 1. Maelezo yake yanasema wazi kwamba hapo awali ni amri fupi pekee zilizokuwa zinarukwa sawasawa.

Tulikibandika kiraka kwenye kerneli yetu, tukakipitisha kwanza kwenye `acpiexec`, pengo likazibika. Kisha laptopu tatu, moja kwa kila toleo la BIOS, kwa siku nne. Kwa makusudi tulichomoa chaja na kuacha kila moja iishe betri hadi onyo litoke na ijizime yenyewe. Baada ya hapo zote 24. Wi-Fi mpya ilianza kufanya kazi siku ya kumi na tatu ya zile kumi na nne tulizopewa. Kiraka kilipoingia kwenye kerneli rasmi tuliacha kujenga yetu.

BIOS ya laptopu zile haikurekebishwa kamwe. Kipande kibovu bado kimo. Betri sita zilibaki kabatini na zilitumika polepole kwa miaka miwili.

Uchambuzi

Swali ambalo mkurugenzi aliniuliza, na wengi huuliza, ni la nani mwenye kosa. BIOS ilikuwa na kosa, hilo halina ubishi. Hata hivyo nasimama na desturi ya kerneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wake, ameishikilia kwa ukali miaka mingi: kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kikiacha kufanya kazi baada ya kubadilisha kerneli, hilo ni tatizo la kerneli, haijalishi nani aliandika upuuzi mwanzo. Mwanafunzi wetu hakubadilisha BIOS. Tulimbadilishia kerneli. Desturi hii ndiyo inayomfanya mtu wa Dar es Salaam mwenye mashine ya mtumba isiyo na msaada wa kiwanda awe na haki sawa na mwenye mashine mpya.

Kuhusu mkalimani mwenyewe, naona funzo la kiufundi ambalo halihusu ACPI peke yake. Njia ya kawaida ya msimbo huu hupitiwa kila sekunde kwenye mamilioni ya mashine. Kosa la baiti moja humo lingeonekana siku hiyohiyo. Njia ya kupona baada ya kosa hupitiwa na wachache wenye BIOS mbovu ya namna fulani, tena kwa `Device` lakini si kwa `Scope`. Aliyeandika `+ 1` huenda alipima kwa `Scope`, na kwa `Scope` alikuwa sahihi kabisa. Ukiandika chochote kinachosoma baiti, jaribio la kosa moja halitoshi. Jaribu kosa kwa kila umbo la amri.

Upande wetu, kilichofanya kazi ni kurudisha kerneli ya zamani bila ubishi mara tu tulipoona tofauti, na kuwa na mashine nyingi za aina moja, jambo lililotuondolea shaka ya kifaa kibovu. Daftari lilitusaidia pia, ingawa lilichelewa. Kijana aliyekosea hatua ya sita ndiye baadaye aliyekuwa makini kuliko sote, na ndiye aliyepiga hesabu ya 17,586.

Kilichoshindikana kimsingi ni siku ya Jumamosi. Tulipima kerneli mpya kwa kitu tulichokuwa tunakitaka, Wi-Fi, na hatukupima tulichokuwa nacho tayari. Hakuna aliyechomoa chaja. Hakuna aliyefunga kifuniko. Tungefanya hayo mawili kwenye laptopu moja kabla ya kusambaza, yule dada asingerudia jaribio lake. Nalaumu pia haraka yetu ya kusambaza kwa zote mara moja; sasa tunaanza na mbili, zinakaa wiki nzima mikononi mwa wakufunzi, na ndipo nyingine zinafuata.

Siku tatu za betri na `acpi=off` nazo hazikuwa bahati mbaya. Tulianza na maelezo yaliyozoeleka mtaani, kwamba mashine ya mtumba ikileta shida basi ni uzee. Maelezo hayo huwa kweli mara nyingi, na ndiyo maana yalitushika.

Majedwali matatu ya laptopu zile, moja kwa kila toleo la BIOS, tunayo hadi leo kwenye folda moja. Kerneli mpya ikitoka, kabla ya kuwekwa kwenye mashine yoyote, tunachukua ACPICA ya kizazi chake, tunayapakia yote matatu kwenye `acpiexec` na kulinganisha orodha ya majina na ile ya 4.15. Kisha mmoja wetu anaiweka kwenye laptopu ya majaribio, anachapa `uname -r`, anachomoa chaja, na kukaa nayo hadi izime.